Mikono ya Musa Ilipokuwa Mizito: Uchovu wa Mwenye Ugonjwa wa Parkinson

Somo la Afya na Neno
Masomo ya kusoma nyumbani: Kutoka 17:8-13, 1 Wafalme 19:3-8, Marko 6:30-32



Somo la mwezi huu tumeliweka kwa sababu mbili. Kwanza, zipo familia kati yetu zinazoishi na ugonjwa wa Parkinson, na nyingine zina mzazi nyumbani Tanzania, Kenya au Kongo ambaye dalili zake zinafanana na hizo ila hajapimwa. Pili, wengi wetu hapa Uingereza tunafanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za kutunzia wazee, na hakuna wiki inayopita bila kumhudumia mtu mwenye ugonjwa huu. Kwa hiyo hata asiye na mgonjwa nyumbani asiliruke somo hili.

Swali tunaloulizwa mara nyingi na familia halihusu kutetemeka. Ni uchovu. Mke anauliza: "Baba analala saa tisa nzima, anaamka amechoka kama aliyelima. Ni ugonjwa, au amekata tamaa?" Mtoto anauliza kwa nini mama jana alipika na kucheka na wageni, na leo hawezi hata kuchana nywele. Maswali haya yanaulizwa kwa sauti ya chini, kwa sababu nyuma yake kuna maneno ambayo mgonjwa ameshayasikia: amepoa kiroho, anajidekeza, ameanza uvivu wa Ulaya. Mtu akiyasikia mara mbili tatu huacha kueleza. Baadaye huacha kuja ibadani. Ndiyo sababu somo hili ni la mgonjwa na la sisi wazima pia.

Ugonjwa wenyewe kwa kifupi

Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, James Parkinson, aliandika kijitabu juu ya watu wachache waliokuwa wakitetemeka na kuinama mbele watembeapo. Ugonjwa ukaja kuitwa kwa jina lake, na hata leo watu wengi wakisikia neno Parkinson huwaza mkono unaotetemeka. Wazee wetu wanaokumbuka Muhammad Ali akipigana Kinshasa mwaka 1974 wanakumbuka pia mkono wake ukitetemeka alipowasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996. Picha hiyo ni ya kweli, lakini si kamili.

Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii husaidia ubongo kuuongoza mwili: kuanza mwendo, kuuendeleza, kuusimamisha. Katika Parkinson seli hizo hufa polepole, na kabla dalili hazijaonekana wazi sehemu kubwa imeshapotea. Mwili unakuwa mzito na mkavu, hatua zinakuwa fupi, wengine wanatetemeka na wengine hawatetemeki kabisa. Pamoja na hayo yako mengi yasiyoonekana kwa macho: kufunga choo, kupoteza uwezo wa kunusa, maumivu, usingizi mbovu, wasiwasi, sonona, na uchovu. Uso nao hupoteza wepesi wake. Mtu anafurahia mahubiri lakini uso umetulia kama aliyekasirika, na sauti yake imeshuka. Mkijumlisha uso wa namna hiyo na uchovu, mtaona jinsi ilivyo rahisi kumhukumu mtu vibaya.

Uchovu wa namna gani?

Sisi tunaofanya shifti za usiku tunajua kuchoka. Ukimaliza saa kumi na mbili za kumgeuza na kumwosha mtu, ukapanda basi alfajiri na baridi ile, mwili unadai. Lakini uchovu huo una sababu na una dawa: ukilala umelipa deni. Uchovu wa Parkinson haufuati hesabu hiyo. Unaweza kuja bila mtu kufanya kazi yoyote, na usiondoke baada ya kulala. Wapo wagonjwa wanaoulinganisha na simu yenye betri chakavu: unaichaji usiku kucha, asubuhi inaonyesha imejaa, ukipiga simu mbili inazima.

Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya wenye Parkinson wanaupata, na wengi wao husema unawasumbua kuliko kutetemeka. Unaweza kuanza mapema sana katika ugonjwa, hata kabla mtu hajaambiwa anaumwa nini. Wala haulingani na ukali wa dalili nyingine. Mtu anayetembea vizuri, ambaye ukimwona hudhani mgonjwa, anaweza kuwa amechoka kuliko mwenye kutumia mkongojo. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa tumezoea kupima ugonjwa kwa macho.

Uchovu huo una pande mbili. Mmoja ni wa mwili: miguu mizito, mikono kama imefungwa mawe. Mwingine ni wa akili: mtu akisoma fomu ya kurasa tatu, au akisikiliza watu wanne wakizungumza kwa pamoja, kichwa kinajaa na maneno yanapotea. Huyu wa pili mara nyingi tunamsahau. Tunampa mgonjwa kiti, tukidhani tumemaliza, kisha tunamzunguka watu saba tukimsemesha wote mara moja.

Ni muhimu pia kutofautisha mambo manne yanayofanana. Uchovu ni kukosa nguvu huku mtu anataka kufanya jambo. Usingizi ni macho kufumba. Anasinzia mbele ya runinga, anasinzia kwenye kiti. Sonona ni moyo kuzama: hafurahii tena alivyovifurahia, anajiona hana thamani, wakati mwingine anatamani kufa. Kukosa ari ni hali ambayo mtu haumii wala hasikitiki, ila ule msukumo wa kuanza jambo haupo. Ukimwinua anaweza, usipomwinua anakaa tu. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote manne, lakini tiba zake si moja, na ndiyo maana daktari akiambiwa tu "amechoka" hana pa kuanzia. Mweleze kwa namna hii: "anataka kwenda bustanini lakini mwili haumwitikii", au "hataki tena kwenda popote". Hizo ni sentensi mbili tofauti kabisa kwa masikio ya daktari.

Turudi mlimani

Sasa fungueni Kutoka 17. Waamaleki wamekuja kupigana na Israeli kule Refidimu. Yoshua ameshuka vitani, Musa amepanda kilimani na fimbo ya Mungu mkononi, na pamoja naye wapo Haruni na Huri. Musa akiinua mkono, Israeli wanashinda. Akiushusha, Amaleki wanashinda. Kisha Maandiko yanasema wazi jambo ambalo wahubiri wengi tunalipita haraka: mikono ya Musa ikawa mizito.

Musa hakuwa na Parkinson, wala hatutaki kumpa ugonjwa ambao Biblia haikumpa. Tunachotazama ni mwenendo wa wale wawili. Hawakumwuliza kama ameacha kuomba. Hawakumkumbusha kwamba jana aliweza. Hatusomi hata kwamba Musa aliwaomba msaada, waliona. Na jambo la kwanza walilofanya ni kutafuta jiwe wakaliweka chini yake, akaketi. Baada ya hapo ndipo wakaishika mikono, mmoja upande huu na mwingine upande huu, mpaka jua likazama. Jiwe lilitangulia, mikono ikafuata.

Angalieni pia kwamba Musa hakuondolewa kilimani. Hawakusema, "Mzee, kapumzike hemani, tutaendelea wenyewe." Kazi yake ilibaki yake. Kilichobadilika ni jinsi alivyoifanya: alikaa, na alishikiliwa. Tutarudi kwa jiwe hili tukifika kwenye mambo ya usharika wetu.

Na Eliya je, chini ya ule mretemu? Alitaka kufa. Malaika hakumletea kemeo. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akaja mara ya pili na chakula kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Tunapenda sana ile mara ya pili.

Kabla ya kusema "ni Parkinson tu"

Hapa tunazungumza kama wauguzi. Uchovu unaweza kuwa wa ugonjwa wenyewe, lakini mara nyingi kuna vitu vingine vimejificha nyuma yake, na baadhi vinatibika kirahisi. Itakuwa huzuni mtu akae mwaka mzima amechoka kwa sababu ya upungufu wa damu ambao kipimo kimoja kingeugundua. Mwombeni daktari wa familia apime damu: wingi wa damu, tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, na vitamini D, ambayo sisi wenye ngozi nyeusi tunaoishi chini ya mawingu ya nchi hii mara nyingi tuna upungufu wake.

Presha ni jambo jingine. Wazee wetu wengi walianzishiwa dawa za kushusha presha miaka mingi kabla ya Parkinson kuingia. Parkinson yenyewe inaweza kuishusha presha mtu anaposimama, na dawa zake pia zinaweza. Kwa hiyo mtu anajikuta na vitu vitatu vinavyovuta upande mmoja: akisimama anaona giza, miguu inalegea, anasema "nimechoka". Mwombeni muuguzi ampime presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Asijiachishe dawa yoyote mwenyewe; aende na orodha ya dawa zote, zikiwemo zilizotumwa kutoka nyumbani na zile za mitishamba.

Usiku nao una siri zake. Anaamka mara ngapi kukojoa? Anaweza kujigeuza kitandani mwenyewe, au anabaki upande mmoja hadi mifupa iume? Anakoroma na kukata pumzi? Na lipo moja ambalo kwetu hueleweka vibaya: wengine wenye Parkinson hupiga kelele usingizini, hurusha ngumi na mateke, huanguka kitandani wakipigana na mtu wa ndotoni. Tumesikia likiitwa mashambulizi ya nguvu za giza. Ukweli ni kwamba mtu mzima akiota, ubongo hufunga misuli ili asitende anachoota. Katika ugonjwa huu kufuli hilo hulegea, na linaweza kulegea miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Ombeni, naam. Lakini mwambieni na daktari, ondoeni meza yenye kona kali pembeni ya kitanda, na mke aliyepigwa ngumi usiku asione aibu kulala kitanda kingine. Yeye pia anahitaji usingizi, maana kesho ndiye mwenye kazi ya kumwinua.

Kisha kuna dawa zenyewe. Kundi moja la dawa za Parkinson, ambamo zimo ropinirole, pramipexole na rotigotine, linaweza kuleta usingizi wa ghafla bila dalili ya kutangulia. Mtu anaongea, mara amelala. Anayeendesha gari lazima alichukulie hili kwa uzito, kwa ajili yake na kwa ajili ya watoto wanaovuka barabara. Hata bila usingizi huo, sheria ya hapa inamtaka dereva mwenye Parkinson aiarifu DVLA na kampuni ya bima. Kuarifu si kunyang'anywa leseni. Wengi huendelea kuendesha. Asiyearifu anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, na akipata ajali mambo huwa magumu zaidi.

Dawa kwa saa yake

Dawa kuu ya Parkinson ni levodopa, ambayo wengi mnaijua kwa majina ya Sinemet au Madopar. Inafanya kazi kwa saa chache, kisha inaisha. Wengine nguvu zao hupanda na kushuka pamoja na dawa: saa moja baada ya kidonge ni mtu mwingine, na dakika ishirini kabla ya kidonge kinachofuata ameshuka kabisa. Ukiona uchovu una saa zake, andika saa hizo. Daktari anaweza kusogeza vidonge au kubadilisha aina, na mtu akarudishiwa alasiri yake.

Kwa sababu hiyo saa ya dawa si jambo la kukadiria. Ninyi mnaofanya kazi wodini na kwenye nyumba za wazee, lishikeni hili hata mkisahau mengine yote: mwongozo wa kitaifa unataka levodopa itolewe ndani ya dakika 30 za saa iliyoandikwa kwa mgonjwa huyo. Si "raundi ya dawa ikifika". Mzee aliyeandikiwa saa mbili asubuhi akapewa saa nne hajacheleweshewa kidonge tu. Ameibiwa asubuhi yake, anaweza kushindwa kumeza chai, anaweza kuanguka. Mkiona inacheleweshwa, semeni. Tunajua si rahisi kusema ukiwa mgeni, una lafudhi, na umeletwa na wakala kwa siku moja. Semeni hivyo hivyo.

Chakula nacho kina la kusema. Protini, yaani nyama, samaki, maharage, maziwa, mayai, inagombania njia moja na levodopa ya kuingia mwilini. Kwa wengi inafaa kumeza kidonge nusu saa au saa moja kabla ya kula, kwa maji. Hatusemi mtu aache maharage. Mwili uliochoka unahitaji protini. Ni suala la saa. Na kama daktari amempa vidonge vya madini ya chuma, visimezwe pamoja na levodopa, maana chuma huishika dawa isifyonzwe vizuri. Vitenganishwe kwa saa kadhaa. Tumetaja hili kwa sababu mtu akichoka, jambo la kwanza ndugu humnunulia ni vidonge vya kuongeza damu.

Sasa kufunga. Tunajua mfungo wa usharika ni jambo tunalolipenda. Ndugu mwenye Parkinson akitaka kufunga, azungumze kwanza na daktari au muuguzi wake wa Parkinson, lakini vidonge haviingii kwenye mfungo. Kidonge si chakula. Maji pia asiyaache: kukosa maji kunashusha presha na kufunga choo, na vyote viwili vinaongeza uchovu. Akitaka kujinyima, kuna vya kujinyima vingi, hata simu.

Lipo ambalo tunalisema bila kupunguza ukali. Asiwepo mtu, awe mhubiri mgeni au jirani mwenye nia njema, wa kumwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani. Levodopa ikikatwa ghafla mwili unaweza kukakamaa, homa ikapanda sana, akili ikachanganyikiwa, na mtu akafa. Tunaamini Mungu anaponya. Akimponya, daktari atapima na kupunguza dawa hatua kwa hatua, na tutashangilia pamoja.

Kuzitumia nguvu zilizopo

Je, kuna kidonge cha uchovu wenyewe? Kwa kweli hakuna dawa moja iliyothibitika kuwafaa wote. Ipo dawa ambayo daktari bingwa anaweza kuijaribu kwa mwenye usingizi mwingi wa mchana baada ya kuchunguza sababu nyingine, lakini kwa uchovu kazi kubwa hufanywa na mpangilio wa siku na mazoezi.

Mazoezi? Ndiyo, ingawa mgonjwa atawatazama kama mmemtania. Mwili usiotumika hupoteza misuli, na misuli ikipungua kila kazi inakuwa kubwa zaidi. Kutembea dakika kumi kuzunguka jengo, kila siku, saa ambayo dawa inafanya kazi vizuri, ni bora kuliko kwenda mjini mara moja kwa wiki na kurudi hoi. Mama mmoja anafanya yake kwa kuimba nyimbo za kwaya akiwa anapiga hatua palepale jikoni, ameshika ukingo wa sinki. Mdundo humsaidia mwenye Parkinson kupiga hatua, na tunadhani ngoma zetu ziko mbele ya darasa lolote la mazoezi la mtaani.

Kuhusu mpangilio, chukueni mfano wa mama wa miaka 63. Jumanne ameamka anajisikia vizuri. Anasema, leo nimepata nafasi: anafua, anapika kwa siku tatu, anampigia dada yake Mwanza saa nzima, jioni anakwenda maombi. Jumatano na Alhamisi haamki. Ijumaa anajisikia nafuu kidogo, anaanza tena mbio. Mtindo huu ndio unaowamaliza wengi: siku njema huliwa yote, na siku mbili zinazofuata hulipa. Mama huyu angeacha Jumanne kazi mbili zikiwa nusu, angekuwa na Jumatano. Ni vigumu kwa watu waliolelewa kutokuketi mpaka kazi iishe, na mama zetu wote wamelelewa hivyo. Inabidi ajifunze kupumzika kabla hajachoka, kama Musa alivyoketi mikono ikiwa mizito lakini bado hajaanguka.

Kulala mchana kunaruhusiwa, kwa kipimo: chini ya nusu saa, na kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo usiku unaharibika. Kumenya viazi umekaa si uvivu. Stuli bafuni, taulo kubwa la kujifunga badala ya kujikausha, nguo zilizopangwa jana usiku: vitu vidogo kama hivi huokoa nguvu ambazo mtu angezitumia kuzungumza na mjukuu. Wapo wataalamu wa tiba ya shughuli za kila siku ambao huja nyumbani kuangalia mambo haya. Daktari wa familia au muuguzi wa Parkinson anaweza kuwaita.

Andikeni kwenye daftari kwa wiki mbili: saa ya dawa, saa ya kula, saa za kulala, na nguvu kuanzia 0 hadi 10. Peleka daftari hilo kliniki. Miadi ya daktari bingwa inaweza kuwa mara moja kwa miezi sita au mwaka, tena mifupi. Ukianza kukumbuka ukiwa pale, muda umekwisha. Na ombeni mkalimani pale mnapopanga miadi. Ni huduma ya bure ya NHS. Msimtumie mtoto wa miaka kumi na mbili kutafsiri habari za choo na sonona za babu yake.

Jiwe la usharika

Ibada yetu, tuseme ukweli, ni ndefu. Mwenye Parkinson akifika saa nne, kidonge chake cha saa sita kinamkuta katikati ya matangazo. Ajisikie huru kutoka nje, kumeza, kurudi. Ajisikie huru kuja wakati wa Neno tu na kuondoka kabla ya mnada wa mavuno. Tunawaomba wahudumu waache viti vyenye mikono mwisho wa safu, karibu na mlango, na yeyote anayeongoza sifa aseme "wanaoweza tusimame" badala ya kuwatazama waliokaa. Mkesha wa Ijumaa si kipimo cha imani ya mtu ambaye usingizi wake ni sehemu ya tiba.

Kutembelea wagonjwa ni sifa yetu njema, na hatutaki ipotee katika nchi ambayo jirani hajui jina la jirani. Lakini tupige simu kwanza, tuulize saa nzuri kwake. Tuende wawili au watatu, si gari tatu. Dakika thelathini, wimbo mmoja, sala, kisha tuondoke kabla ya mwenye nyumba kulazimika kutengeneza chai. Afadhali tuje na chakula kilichopikwa na chombo kisichohitaji kurudishwa. Akijibu taratibu, tumsubiri. Tusimalizie sentensi yake. Na mmoja wetu akae na mke au mume wake, kwa sababu Haruni na Huri nao walikuwa na mikono.

Wala tusiwaondoe kilimani. Aliyekuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili anaweza kuandaa somo nyumbani saa zake njema na mwingine akalifundisha. Mwanakwaya akae, aimbe amekaa. Mzee wa kanisa ashiriki kikao kwa simu, ajenda ikiwa fupi. Kumpumzisha mtu kwa kumfutia jina kwenye orodha kunaumiza kuliko ugonjwa.

Neno juu ya kazi na fomu

Mwenye Parkinson anayefanya kazi ana haki, chini ya Sheria ya Usawa ya 2010, kuomba mwajiri afanye marekebisho yanayofaa, kama kubadilishiwa saa au kuondolewa shifti za usiku. Wapo pia wanaostahili malipo ya PIP, au Attendance Allowance kwa waliofikia umri wa pensheni. Kwenye fomu ya PIP watu wetu huandika "naweza" kwa sababu ya heshima na kujikaza. Swali si kama unaweza mara moja. Ni kama unaweza kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia-rudia, na kwa muda usiopita kiasi. Anayeweza kuoga lakini baada ya hapo analala saa mbili, aandike hayo yote mawili. Tahadhari: malipo haya yanahesabiwa kuwa fedha za umma, na viza nyingi zinayakataza. Mwenye viza ya muda apate ushauri wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote. Shirika la Parkinson's UK lina simu ya ushauri kwa mgonjwa na kwa anayemtunza.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: someni Kutoka 17:8-13 kwa sauti, kisha zungumzeni maswali haya. Haruni na Huri waliona nini kilichowafanya watafute jiwe kabla Musa hajaomba? Katika ibada yetu, ni kitu gani kinamfanya aliyechoka ajione mkosaji? Na kwako uliye mgonjwa, kama uko kundini na una nguvu za kusema: jiwe lako lingekuwa nini? Viongozi wa vikundi waandike majibu ya swali la mwisho na kuyaleta kwa kamati ya afya. Karatasi za daftari la wiki mbili ziko kwenye meza ya mlangoni, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza ili daktari aweze kuzisoma.